Usimdhuru Yeyote: Mwongozo Kamili wa Kuishi Kanuni ya Wicca Ukiwa Dodoma

Kanuni yenyewe ni fupi: ikiwa haimdhuru yeyote, fanya utakalo. Doreen Valiente, mshairi na kuhani wa Wicca, dini ya kipagani ya kisasa ambayo wafuasi wake wengi hujiita wachawi, aliitamka hadharani mwaka 1964 huko Uingereza, na tangu hapo karibu kila anayeingia katika njia hii huanzia hapo. Miaka 13 kabla yake, mwaka 1951, Bunge la Uingereza lilifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735, na Gerald Gardner, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa dini hii, akaanza kuieleza waziwazi bila kuogopa kushtakiwa. Ni dini changa basi. Wengi wa wafuasi wake humheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume, wana sikukuu nane kwa mwaka, na ibada zao huufuata mwezi. Shetani hana nafasi humo, kwa kuwa hawaamini kwamba yupo.

Anayeisoma kanuni hii mara ya kwanza hukimbilia nusu yake ya pili, fanya utakalo. Kazi yote iko kwenye nusu ya kwanza. Na kwa anayeishi Dodoma, nusu hiyo ya kwanza ina uzito ambao Valiente hakulazimika kuubeba, kwa sababu nchini kwetu jina moja likitoka mdomoni mwa mtu anayeaminika kuwa "anaona" linaweza kumtoa bibi kizee uhai. Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua, ila hatua zenyewe hazilingani. Kama una muda wa kusoma moja tu, soma ya pili.

Hatua ya kwanza: Chunga unavyojitambulisha

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Wakati huohuo tuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa ukoloni. Waingereza wameifuta ya kwao, waliyotuachia bado ipo. Tafsiri yake ya uchawi ni pana, inamgusa hata anayejidai kuwa na nguvu au ujuzi wa siri. Kwa hiyo kujitapa kuwa una nguvu, hata kwa utani mbele ya kijiwe cha bodaboda, ni kujitafutia balaa. Sema unafuata dini inayoheshimu mzunguko wa asili. Ni kweli, inatosha, na haimtii mtu hofu. Mwenye nyumba akiuliza moshi wa ubani unatoka kwa nani, mjibu kwamba ni wewe, unasali. Ubani si jambo geni kwenye nyumba za Dodoma.

Gardner na wenzake walifanya ibada zao wakiwa uchi, na vikundi vingine hufanya hivyo mpaka leo. Sahau habari hiyo. Huku kwetu mtu akikutwa uchi nje usiku hatapata nafasi ya kueleza historia ya Uingereza. Vivyo hivyo kupanda kilima cha Mlimwa saa nne usiku na mishumaa na kisu cha ibada chenye mpini mweusi. Kanuni inasema usimdhuru yeyote, na wewe ni mmoja wa hao. Ibada ifanyike ndani, au uani mchana, ukiwa umevaa khanga au nguo zako za kawaida.

Na nyumbani kwenu? Kama mama ni wa Anglikana na baba mdogo ni mzee wa kanisa, huna sababu ya kuingia na tangazo siku ya Pasaka. Wala usidanganye ukiulizwa. Inama wakati wa sala ya chakula, itikia kwa heshima. Hakuna anayedhurika kwa wewe kunyamaza mezani.

Hatua ya pili: Kataa kumtaja mtu

Watu wakishajua una mishumaa, mimea na daftari la mwezi, watakuja, maana kwa hesabu zao wewe ni mtu wa kuangalia. Na swali watakaloleta mara nyingi huwa moja kwa sura nyingi: ni nani? Nani kaiba, nani kamloga mtoto, nani kafunga biashara yangu.

Tuseme ni jirani wa Nkuhungu, mama wa makamo, amekuja jioni na amekaa kwenye kigoda chako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unajua haya mambo. Kuku wangu wanakufa, mmoja baada ya mwingine. Leo asubuhi wawili. Sitaki unitajie jina, niambie tu, ni mtu wa hapahapa au wa mbali?"

Sikiliza vizuri anachouliza. Hataki jina, ndivyo alivyosema, na pengine anaamini hivyo. Lakini ukijibu "wa hapahapa" umeshapunguza mtaa mzima ukabaki na nyumba tatu. Ukiongeza "mwanamke" umebakiza wawili, na mmoja wao ni mjane mwenye macho mekundu kwa kupikia kuni miaka yote. Hapo huhitaji kutamka jina, jina litajitaja lenyewe kabla mama hajafika kwake. Ramli chonganishi hufanya kazi hivyohivyo, kwa vidokezo. Hakuna kidokezo kisicho na mwenyewe. "Anakaa upande linakotoka jua" ni jina. "Mlikula naye sahani moja" ni jina.

Kwa hiyo jibu liwe fupi na lisiwe na mlango wa pili: "Mama, mimi siangalii watu. Naomba twende tukaone hao kuku."

Kisha nenda kweli. Kama kuku wamezubaa, wanahara kijani, na mmoja shingo imepinda, basi unachokiona kinafanana sana na kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Waliokufa wafukiwe au wachomwe, wasiuzwe na wasiliwe. Waliobaki wasichanganywe na wa jirani. Afisa mifugo wa kata aitwe, na wale watakaonunuliwa baadaye wapewe chanjo ya matone ya jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au kama dawa yenyewe inavyoelekeza. Mama atakuwa amepata jibu la swali lake, na mjane wa jirani atalala salama bila hata kujua kwamba alizungumziwa.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyolitia taifa aibu, yamekuwa na mpiga ramli nyuma yake mara nyingi. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu hiyohiyo. Mfuasi wa Wicca anayeweka kadi za kutabiria mezani na kusema "naona mtu mwenye wivu karibu nawe" anacheza mchezo uleule kwa vifaa vya kigeni. Kama unatumia kadi, zitumie kumuuliza aliyekaa mbele yako juu ya maisha yake mwenyewe: anaogopa nini, anaahirisha nini. Mtu wa tatu asiingie chumbani.

Kwa mtoto mgonjwa hakuna hata nafasi ya mazungumzo. Degedege si ndege wala pepo wa kupungwa. Mara nyingi ni homa kali, na nyuma ya homa hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Mshike mtoto, tafuta bajaji, nenda zahanati iliyo karibu au hospitali ya General. Ukitaka kumwombea, mwombee mkiwa njiani.

Hatua ya tatu: Pitisha kila tendo kwenye daftari

Wafuasi wa Wicca huwa na daftari la ibada. Litumie kwa kazi moja zaidi. Kabla ya kufanya tambiko lolote, andika unachotaka kwa sentensi moja, kisha chini yake andika majina ya wote watakaoguswa kama ombi likitimia. Ukikosa jina la mtu yeyote zaidi ya lako, endelea. Ukiona majina mengine, jiulize kila mmoja ameridhia au la.

Chukua usaili wa kazi pale Mtumba kwenye Mji wa Serikali. "Nipate kazi ile" ina watu ndani yake: wenzako mliokaa foleni moja. "Washindani wangu wasahau majibu" ni madhara ya wazi. "Niingie nikiwa nimetulia, nikumbuke nilichosoma" haimgusi mwingine, na nikuambie ukweli, ndilo ombi lenye faida, kwa sababu litakufanya ulale mapema na usome.

Mapenzi ndiyo yanayowashinda wengi. Limbwata ni limbwata hata likivaa utepe mwekundu na mshumaa wa waridi. Kumfunga mtu akupende ni kumpokonya hiari yake, na wafuasi wengi wa Wicca duniani wanalikataa kwa sababu hiyo. Kuna namna inayokubalika: omba uwe mtu unayeweza kupendwa na kupenda, bila kutaja jina la yeyote. Dada mmoja wa chuo atakuambia hiyo ni kazi ya polepole mno. Ndiyo, ni ya polepole.

Lililo gumu zaidi ni kumwombea mgonjwa asiyejua kwamba unamwombea. Wenzetu hawakubaliani hapa. Wapo wanaosema wema hauhitaji ruhusa. Mimi nasimama na wanaosema uulize. Shangazi yako mlokole anayekaa kata ya Kikuyu hapa Dodoma anaweza kuona tambiko lako ni kumchafua, na kwake hilo ni dhara la kweli hata kama wewe huoni doa. Mpigie simu: "Shangazi, naomba nikuombee kwa namna yangu." Akisema hapana, mpelekee uji na matunda, umfulie mashuka. Akiwa hajitambui, omba nguvu kwa wanaomuuguza, nao uwe umewaambia.

Kuna pia swali la adui. Mtu anakutishia kweli, je, unaweza kumfunga kiibada asikudhuru? Baadhi ya wafuasi wanasema ndiyo, kwa kuwa unazuia dhara kubwa. Ukiamua hivyo, tambiko liwe la kujikinga wewe na mlango wako, kama zindiko la nyumba, lisiwe la kumwendea yeye. Na lifanyike baada ya kuripoti, si badala ya kuripoti.

Hatua ya nne: Moto, moshi na maji

Hapa madhara hayana siri yoyote. Yanatokana na uzembe, nayo ndiyo yanayotokea mara nyingi zaidi.

Ubani wengi tunafukiza kwenye chetezo chenye mkaa. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la Agosti, mkaa unawaka: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Washa mkaa nje mpaka uwe mwekundu wote, ingiza kipande kidogo, fungua dirisha na mlango, na ukimaliza kitoe nje kabla hujalala. Kama unaishi na mtu mwenye pumu, acha ubani kabisa. Bakuli la maji yenye majani ya limau au mchaichai linatosha.

Mshumaa ukae kwenye sahani ya udongo au bati lenye mchanga, mbali na pazia na mbali zaidi na chandarua. Chandarua cha nailoni hushika moto upesi na kudondosha matone yanayoyeyuka juu ya godoro. Usiuache ukiwaka ukaenda bombani kuchota maji, hata kama kitabu kimesema uachwe uishe wenyewe. Uzime, uwashe kesho.

Halafu kuna suala la kalenda. Sikukuu nane za Wicca zimetokana na majira ya Ulaya ya kaskazini. Wafuasi wengi wa kusini mwa ikweta huzigeuza kwa miezi sita, hivyo sikukuu ya moto ya Mei mosi huangukia mwisho wa Oktoba. Dodoma iko nyuzi kama 6 kusini, na mwisho wa Oktoba ndio wakati nyasi zimekauka kama karatasi, upepo unavuma, na mvua haijaja mpaka karibu Desemba. Moto mkubwa nje kipindi hicho unaweza kuchoma shamba la mtu, zizi, au nyumba ya tembe. Weka taa ya chemli mezani, na moto mkubwa usubiri ardhi ilowe. Mimi naona ni busara zaidi kuacha kalenda ya Ulaya ikae pembeni na kufuata yetu: mvua ya kwanza, mavuno ya mtama na uwele, zabibu za mwanzo wa mwaka na zile za Agosti na Septemba. Hilo ni suala la ladha, ila la moto si la ladha.

Maji nayo. Mkoa unapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kwa msimu mmoja, na mgao wa bomba tunaujua. Anayemwaga ndoo nzima kwa kuoga kiibada wakati jirani anasukuma mkokoteni wa madumu tayari ameshamdhuru mtu. Kikombe kimoja kinatosha. Maji yenye chumvi yaliyobaki usiyamwage kwenye shina la mti au bustani, kwa kuwa chumvi hubaki kwenye udongo na kuukausha mmea. Yamwage kwenye karo.

Hatua ya tano: Mimea, miti na wanyama

Kanuni haisemi "usimdhuru mtu yeyote". Inasema yeyote, na wafuasi wengi huingiza humo viumbe vyote.

Anza na usichokijua. Mwarobaini umejaa kila ua wa Dodoma, na kwa sababu upo kila mahali watu huudhani hauna madhara. Mafuta yake yamewahi kuwatilia sumu watoto wachanga walionyweshwa, na mjamzito hapaswi kunywa dawa yake. Mbegu za mnyonyo ni sumu kali, wala si za kuweka kwenye kipochi cha bahati nyumba yenye mtoto anayetambaa. Mnanaha, ule wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba unaoota kwenye majalala, usiuguse kwa ajili ya kunywa au kufukiza hata kama maandishi ya Ulaya yanausifu. Na ukianza kuwapa watu dawa za kunywa, hasa kwa pesa, umeingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo inataka mganga asajiliwe na Baraza. Harufu na rangi ni zako, kumnywesha mtu si kwako.

Ukichukua gome, usizungushe kisu shina zima, maana mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Chukua kipande kidogo upande mmoja, au tawi lililoanguka. Msandali uache porini: umevunwa mno Afrika Mashariki kiasi kwamba tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Magamba ya kakakuona, ngozi ya chui, jino la simba, vyote hivyo ni nyara za serikali. Kukutwa navyo bila kibali ni kosa la jinai, na ibada ya Wicca haivihitaji hata kimoja. Haihitaji damu pia. Ukiambiwa na mtu kwamba tambiko lako halitakubaliwa bila jogoo mwekundu, anakuuzia kitu kingine.

Mibuyu na mawe yanahitaji adabu zaidi. Ugogo mti mkubwa au mwamba unaweza kuwa mahali pa tambiko la ukoo, na zamani mtemi ndiye aliyesimamia matambiko ya mvua ya eneo lake. Usiende ukafunga vitambaa vya nailoni kwa kuwa umeona picha ya wenzetu wa ng'ambo. Muulize mzee wa hapo. Salimia kwanza, "mbukwenyi", kaa, eleza shida yako, na ukiambiwa hapana rudi nyumbani. Usijifanye mrithi wa mila ambayo hukukabidhiwa. Huko Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, wenyeji bado wana matambiko yao. Wewe ni mgeni pale: lipa kiingilio, fuatana na mwongozaji, usiguse michoro na usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Rangi hiyo ikitoka, hairudi.

Hatua ya sita: Jihesabu na wewe

Wapo wanaoigeuza kanuni hii kuwa leseni ya kuonewa. Mume anapiga, mke anajiambia asimdhuru kwa kumpeleka polisi. Bosi hajalipa mishahara, kijana anaona kudai ni kumkosea. Hapana. Anayezuiwa asiendelee kupiga hajadhuriwa, na anayebaki kupigwa anadhurika kila siku, pamoja na watoto wanaotazama. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na kwa mtoto kuna namba 116, simu ya bure. Kupiga simu hiyo kunaendana na kanuni kuliko mshumaa wowote mweupe.

Kujidhuru kuna sura za chinichini pia: kufunga kula ilhali una vidonda vya tumbo, kukopa ili ununue mawe na vikombe vya ibada mtandaoni, kukesha mwezi mpevu na kesho yake unaendesha daladala. Kikombe cha bati na jiwe la njiani vinafanya kazi ileile. Mkikutana wachache na mkawa mnakunywa mvinyo wa Dodoma kwenye ibada, na mmoja anajitahidi kuacha pombe, basi wote mnywe juisi ya ubuyu. Asiulizwe kwa nini.

Hatua ya saba: Palipo na dhara kila upande

Huwezi kuishi bila kudhuru kitu. Mbu akiwa kwenye neti, muue. Anaweza kuwa na malaria, na mtoto wako ni muhimu zaidi. Nge akiwa ndani ya kiatu, ambao Dodoma hatuwakosi, mtoe kwa kopo na kipande cha kadibodi kama unaweza. Kama mtoto yuko pembeni yake, huna muda wa kopo. Kuhusu nyama, wapo wafuasi wasioila na wapo wanaoila. Anayekula mbuzi wa Kibaigwa aliyechinjwa vizuri, na asiyetupa nusu sahani, hajavunja kitu, kwa maoni yangu, na mlenda na choroko vipo kwa anayetaka kuacha.

Kipimo kinachonisaidia ni kuandika madhara ya kutenda upande mmoja wa ukurasa na madhara ya kutotenda upande wa pili. Watu wengi husahau upande wa pili. Kumnyamazia rafiki anayerudi kwa pikipiki amelewa kuna majeruhi wake. Valiente na wenzake waliitoa kanuni hii kama ushauri, na ushauri unakuachia kazi ya kuamua. Anayetafuta orodha ya halali na haramu hataipata humu.

Kuhusu ile imani kwamba unalofanya hukurudia mara tatu, iliyoenea sana miongoni mwa wafuasi ingawa si wote wanaoikubali, siitegemei. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tumelelewa na methali hiyo. Lakini anayejizuia kumwibia mama lishe kwa kuogopa kuibiwa mara tatu bado anafikiria mfuko wake tu. Na imani hiyo ina upande mbaya: ukimwona mtu amepata ajali, unaanza kujiuliza alifanya nini. Hapo umerudi kwenye kutafuta mwenye kosa, na hatua ya pili imeshakataza hilo.

Hatua ya nane: Ukishadhuru, lipa

Tambiko la kujisafisha halilipi deni la mtu mwingine. Kama umevunja kitu, nunua. Kama umekula pesa, rudisha, hata kwa mafungu, kwa tarehe mliyokubaliana na kwa maandishi. Kama mti wa watu umekauka kwa chumvi yako, chukua mche kwenye kitalu, upande, na umwagilie wewe mpaka mvua ishike.

Kama umemtaja mtu, kazi ni ndefu zaidi. Ulichosema hadharani kinasahihishwa hadharani, mbele ya walewale waliosikia, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, kwa maneno yasiyo na "labda" wala "kama nilimkwaza". Sema: nilimtaja fulani, sikuwa na ushahidi wowote, nilikosea. Kwa mhusika mwenyewe nenda kwa miguu yako, na mtu mzima wa kukusindikiza, si kwa ujumbe wa simu. Kama wamemchomea kibanda au ameacha kwenda sokoni kwa kuogopa macho ya watu, gharama za kumrudisha katika hali yake zinaanza na wewe. Na kama amekwishahama, uliza alikohamia, Manyoni au Mpwapwa au popote, umfuate huko kwa nauli yako.